Kuibadili programu rahisi, kuitunza ndiyo kazi

Zahanati ya Songo Songo ikiishiwa dawa, haiwezi kutuma mtu dukani akarudi mchana. Maombi yapitie kwanza Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, kisha yaende Bohari ya Dawa (MSD) kanda ya Mtwara. Mzigo ukirudi, kipande cha mwisho ni cha baharini. Kwa hiyo muuguzi anaagiza leo kitakachompungukia baada ya wiki kadhaa.

Chombo chake ni fomu ya taarifa na maombi, wenyewe wanaiita R&R. Salio la mwanzo, zilizopokelewa, zilizotumika, zilizopotea au kuharibika, salio la mwisho, zinazohitajika. Halafu bei. Zahanati ina akaunti yake MSD, na maombi yakizidi fedha iliyopo, kuna dawa itafutwa kwenye orodha.

Mambo kama hayo ya bei ndiyo yaliyotuingiza kwenye ufundi wa kubadili programu za watu. OpenLMIS, programu huria ya ugavi wa dawa, ilianzishwa mwaka 2011 na mashirika ya kimataifa. Msimbo wake uko wazi: unauchukua, unaubadili, unautumia. Tanzania na Zambia ziliuchukua na kuurekebisha, ikazaliwa eLMIS. Hapa kwetu ikaja kuunganishwa na Epicor, mfumo wa MSD wa stoo na mahesabu. Karatasi za zahanati zikawa zinaingizwa kwenye kompyuta huko huko wilayani.

Sioni kosa hapo. Programu iliyoandikiwa nchi zote haitajua akaunti ya zahanati ya Kilwa. Shida huanza baadaye, sherehe za uzinduzi zikishakwisha na mradi ukafunga ofisi. Wenye shina, yaani OpenLMIS yenyewe, wakiziba tundu la usalama, kiraka chao hakiji chenyewe kwenye tawi lako, yaani nakala uliyoibadili. Lazima fundi wako akichukue, akipachike, aone kama kimegongana na mistari yenu, ajaribu upya hesabu za R&R kabla ya kukipandisha kwenye seva. Mwaka huu, mwakani, na mwaka unaofuata. Kazi hiyo ni ngumu kuiombea fedha, maana haina utepe wa kukata.

Matawi yaliongezeka. Msumbiji wakawa na lao, SIGLUS. Chanjo zetu zikapata VIMS. Mwaka 2017 likatoka toleo la 3 la OpenLMIS, lililosukwa upya kwa vipande vinavyojitegemea, ili nchi ibadili kimoja bila kufumua vingine. Dawa nzuri, ila kwa aliyekwisha kwenda mbali na tawi la zamani, kuhamia huko ni mradi mwingine kabisa.

Mimi navutiwa zaidi na njia ya timu ya HISP Tanzania, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wao hutumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioenea mikoa yote kufikia 2013. Walipohitaji jedwali la rangi la kupima utendaji wa wilaya, hawakuchokonoa moyo wa mfumo. Waliunda programu ndogo inayokaa pembeni yake, na nchi nyingine zikaichukua.

Lakini pembeni si kila kitu huwezekana.  Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Programu isiyoweza kuhifadhi fomu bila mtandao hukwama siku kama hiyo, na hairekebishwi kwa kijalizo cha pembeni. Hapo unaingia jikoni kwenyewe, na gharama yake unaikubali ukijua.

Anayeingia huko ana sharti pia: OpenLMIS iko chini ya leseni ya AGPL toleo la 3. Inamtaka anayeendesha mtandaoni toleo alilolibadili awape watumiaji wake msimbo wa toleo hilo hilo. Kwa maandishi, basi, mfamasia wa Kilwa Masoko anayeingiza R&R ana haki ya kuuomba. Muda wa kuusoma hana. Kijana wa Lindi aliyemaliza kompyuta na anayezunguka na bahasha ya vyeti anao.