Msongo wa mawazo wa mjamzito na ubongo wa mtoto: sayansi inaiambia nini Tabora

Ubongo wa binadamu hauzaliwi ukiwa umekamilika, wala haukomi kujengeka mtu anapofikia utu uzima. Kila anachokutana nacho, kuanzia sauti, mguso na chakula hadi hofu na njaa, huacha athari katika seli za neva, yaani zile seli zinazopokea na kupeleka taarifa mwilini, na athari hizo huimarisha baadhi ya maungio kati ya seli huku zikidhoofisha mengine. Uwezo huo wa ubongo wa kubadilika kulingana na mazingira huitwa unyumbufu wa ubongo, nao hufuata kanuni ileile iliyoiunda njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji: palipokanyagwa kila siku palipanuka, na palipoachwa paliota nyasi. Unyumbufu huwa mkubwa mno wakati wa ujauzito, kwa kuwa ubongo wa mtoto ndio kwanza unajengwa na ule wa mama nao unajipanga upya, na ndiyo maana hali ya moyo ya mjamzito ni suala la afya ya watu wawili.

Msongo unavyofanya kazi mwilini

Mtu anapotishika, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo humwaga katika damu homoni ya kotisoli. Homoni hiyo huongeza sukari katika damu na kuuweka mwili tayari kupambana au kukimbia, kisha hatari ikipita ubongo huitambua kotisoli kupitia vipokezi maalumu na kuamuru ipunguzwe. Msongo unaokuja na kuondoka namna hiyo ni sehemu ya maisha, na kwa kawaida haumdhuru mjamzito wala mimba yake. Kinachodhuru ni ule usiokwisha, wa kupigwa nyumbani, wa kukosa chakula msimu hadi msimu, wa kukimbia vita au kuishi kwa hofu ya kutelekezwa, kwa sababu hapo mwili haupati nafasi ya kutulia.

Mwaka 1968 Bruce McEwen, mwanasayansi wa neva wa Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York, alionyesha pamoja na wenzake kwamba homoni ya aina ya kotisoli katika panya hunaswa na seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujifunza. Kazi zilizofuata katika maabara yake zilibaini kwamba panya wanaokaa katika msongo kwa wiki kadhaa hupungukiwa na matawi ya seli hizo, na baadaye ikathibitika kwamba msongo ukiondolewa matawi hayo huweza kuchipua tena. Katika matokeo hayo mawili mna msingi wa elimu yote iliyofuata, kwamba msongo huubadili ubongo na kwamba badiliko hilo si lazima liwe la kudumu.

Mtoto aliye tumboni ana kinga yake, nayo ni kondo la nyuma, ambalo mbali ya kumpitishia chakula na hewa lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kemikali isiyo na nguvu kabla haijamfikia. Kinga hiyo si kamili, na tafiti za wanyama na za binadamu zinaonyesha kwamba utapiamlo na msongo mkali wa muda mrefu huweza kuidhoofisha, hata homoni nyingi zaidi ikapenya katika miezi ileile ambamo ubongo wa mtoto unapanga namna utakavyoikabili hofu maishani.

Ushahidi kutoka ng'ambo ya ziwa

Misafara iliyopumzika Tabora katika karne ya 19 iliendelea hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia mashariki ya Kongo, na ni huko mashariki ya Kongo, katika mji wa Goma, ambako utafiti muhimu juu ya jambo hili ulifanyika. Mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa akina mama 25 na watoto wao wachanga, ambapo mama waliulizwa kuhusu vita, ubakaji, kuhama makazi na shida za kila siku, kisha sampuli za damu zikapimwa. Kadiri mama alivyopitia msongo mkubwa zaidi wakati wa ujauzito, ndivyo mtoto alivyoelekea kuzaliwa na uzito mdogo, na ndivyo jeni yake inayotengeneza vipokezi vya kotisoli ilivyokuwa na alama nyingi za methili. Hizo ni alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa juu ya jeni bila kuibadili jeni yenyewe, ambazo zikizidi huifanya itumike kwa uchache. Vipokezi vikipungua, amri ya kupunguza kotisoli huchelewa, na mtoto huweza kukua akiwa mwepesi wa kushtuka na mzito wa kutulia.

Mama 25 ni wachache, na uhusiano wa namna hiyo peke yake hauthibitishi chanzo. Hata hivyo suala hilo linaigusa Tabora moja kwa moja, kwa kuwa njia ya misafara haikuwa ya wanaume peke yao: wake wa wapagazi wa Kinyamwezi walitembea pamoja na watoto wao, na wanawake waliotekwa walipelekwa pwani kuuzwa utumwani. Sayansi haimruhusu mtu kudai kwamba mateso ya wakati ule yangali katika damu ya watu wa leo, lakini inamlazimu kuwatazama mama walio hai, wakiwemo wa familia zilizokimbia vita. Makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora yalianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na zaidi ya wakimbizi hao wa zamani 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wamepewa uraia wa Tanzania, huku kambi ya Nyarugusu katika mkoa jirani wa Kigoma ikiwapokea Wakongo tangu mwaka 1996.

Ubongo wa mama nao hubadilika

Kundi la watafiti likiongozwa na Elseline Hoekzema lilipiga picha za ubongo wa wanawake 25 kabla na baada ya mimba yao ya kwanza, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba ujazo wa sehemu zinazomwezesha mtu kuelewa hisia za mwenzake hupungua, badiliko linalodumu kwa angalau miaka miwili. Kupungua huko hakukuambatana na upotevu wa kumbukumbu, na mama waliobadilika zaidi ndio waliokuwa na mapenzi makubwa zaidi kwa watoto wao, hivyo watafiti walikuona kuwa ni namna ya ubongo kujichonga kwa ajili ya malezi. Mwaka 2019 Susana Carmona na wenzake walilinganisha picha hizo na za wasichana waliokuwa wakibalehe, wakakuta kwamba mabadiliko ya vipindi hivyo viwili yanafanana sana.

Ulinganisho huo una uzito wa pekee kwa Tabora, ambako takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2015-16 zilionyesha kwamba asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wajawazito, kiwango kilichozidiwa na cha mkoa wa Katavi peke yake. Msichana wa miaka 16 anayebeba mimba katika wilaya ya Kaliua au Sikonge analazimika kuyapitia mabadiliko mawili makubwa ya ubongo kwa wakati mmoja, mara nyingi akiwa ameshaacha shule na kutengwa na wenzake. Kumlaumu ni kumwongezea msongo uleule unaomhatarisha yeye na mtoto wake.

Malezi yanavyorekebisha

Michael Meaney wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada aligundua kwamba watoto wa panya wanaolambwa sana na mama zao hukua wakiwa watulivu, na kwamba mtoto aliyezaliwa na mama asiyelamba, akihamishiwa kwa mama anayelamba, naye hutulia. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba malezi hayo hupunguza alama za methili katika jeni ya vipokezi vya kotisoli, ileile iliyochunguzwa Goma.

Kwa binadamu, mguso una thamani hiyohiyo. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanyika Tanzania, Malawi, Nigeria, Ghana na India lilihusisha watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo, nusu yao wakiwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, kwa utaratibu unaojulikana kama huduma ya kangaroo. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri kwanza hali zao zitengemae. Nchini Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuzungumza na wajawazito wenye sonona, na matokeo ya mwaka 2008 yalikuwa kwamba miezi sita baada ya kujifungua ni asilimia 23 tu waliobaki na sonona, ilhali katika vijiji vya kulinganisha walikuwa asilimia 53. Kazi hiyo haikuhitaji daktari bingwa wala mashine.

Tabora inaweza kuanza na vilivyopo. Kadi ya kliniki ya mjamzito hubeba uzito, presha, wingi wa damu, kipimo cha kaswende na VVU, dozi za SP za kumkinga na malaria na chanjo ya pepopunda, na maswali machache kuhusu usingizi, huzuni na usalama wake nyumbani yanastahili kuulizwa kwa bidii ileile, kwa faragha, na muuguzi aliyefundishwa kusikiliza. Kuuliza bila kusaidia ni kumtonesha kidonda, hivyo wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe mazungumzo ya namna ile ya Pakistan, na wenye hali mbaya wapelekwe hospitali ya mkoa, Kitete. Familia nazo zina desturi ya arobaini, ambayo humpa mzazi siku za kupumzika, kupikiwa uji na kupokelewa mtoto, na mume anayeilinda desturi hiyo, akahakikisha mkewe harudishwi kwenye shamba la tumbaku kabla ya wakati, anaujenga ubongo wa mwanawe katika siku ambazo utulivu wa mama una thamani kubwa.