Kabla ya laiki na baada yake: Mitandao ya kijamii ilivyofika kwenye afya ya akili

Mzazi anayemuuliza daktari kama mitandao ya kijamii inamharibu mwanawe huenda akajibiwa kwa maswali: anatumia mtandao gani, anafanya nini humo, na usiku analala saa ngapi? Asidhani anazungushwa. Mitandao hii imejengwa kipande kwa kipande kwa karibu nusu karne, na vile vipande vinavyohusishwa na kukosa usingizi, wasiwasi na sonona vina tarehe zake na watu walioviweka. Anayeijua historia hiyo anaelewa kwa nini wanasayansi hawana jibu la neno moja.

Laini moja ya simu

Februari 1978, jijini Chicago, Marekani, Ward Christensen na Randy Suess walizindua CBBS, ubao wa matangazo uliokaa ndani ya kompyuta. Walianza kuutengeneza mwezi mmoja kabla, theluji nzito ilipowafungia watu majumbani. Mwenye kompyuta na modemu alipiga namba ya simu, akasoma ujumbe walioacha wenzake, akaandika wake, akakata. Laini ilikuwa moja tu, hivyo aliyeingia alikuwa peke yake. Mwingine akipiga, simu ilikuwa inatumika na ilimbidi asubiri zamu. Modemu za wakati huo zilipitisha takriban herufi 30 kwa sekunde, kasi ambayo jicho huweza kuzifuata zikijitokeza kwenye kioo. Ukishasoma yaliyokuwepo, umemaliza.

Mwaka 1997 Andrew Weinreich alianzisha SixDegrees huko New York, mtandao uliomwezesha mtu kufungua ukurasa wake, kuorodhesha marafiki na kuwafikia marafiki wa marafiki zake. Ulikuja mapema mno: waliojiunga hawakuwakuta jamaa zao, maana wengi walikuwa bado hawana intaneti, na baada ya miaka michache ukafungwa. Kati ya 2002 na 2003 zikafuata Friendster, MySpace na LinkedIn. Tarehe 4 Februari 2004, Mark Zuckerberg na wanafunzi wenzake wa Harvard wakazindua Facebook. Hata wakati huo, aliyetaka habari za rafiki yake alilazimika kwenda mwenyewe kwenye ukurasa wa rafiki huyo.

Kutoka 2006 hadi 2009

Mambo yaligeuka Septemba 2006. Facebook ilianza kumkusanyia mtumiaji habari za marafiki zake wote na kumwekea mbele mara tu anapofungua. Watumiaji walikasirika, mamia ya maelfu walijiunga na kundi la kupinga ndani ya Facebook yenyewe, na kundi hilo lilisambaa haraka kwa sababu mfumo mpya ulikuwa unawatangazia wengine kila aliyejiunga. Kampuni iliona jinsi watu walivyoutumia, ikaubakiza.

Mwaka huohuo mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukiuvuta kwa kidole unaendelea kujaa. Awali ilibidi ubonyeze ili kwenda ukurasa wa pili, na hapo ndipo mtu alipopata nafasi ya kujiuliza kama anaendelea au anaacha. Nafasi hiyo iliondolewa, na Raskin mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta. Februari 2009 Facebook ikaweka kitufe cha laiki. Katikati ya mwaka huo Apple ikaruhusu programu za simu zake kutuma arifa hata kama mwenye simu hajazifungua.

Kwa Afrika Mashariki, mwaka 2009 una uzito wa pekee. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulianza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, eneo ambalo lilikuwa likitegemea satelaiti ya bei ghali. Waliokuwa na intaneti kabla ya hapo walikuwa na mabaraza yao. JamiiForums, kwa mfano, ilianza Tanzania mwaka 2006. Lakini wengi waliingia mtandaoni baada ya mkongo na baada ya simu janja kushuka bei, wakakuta laiki, arifa na ukurasa usio na mwisho vimeshawekwa. Hawakupitia mitandao ya awali, kwa hiyo hawana cha kulinganisha nacho.

Ubongo na ile alama nyekundu

Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali ya dopamini. Nyani alipopewa tone la juisi bila kutarajia, seli zilichangamka. Alipozoea kwamba taa au mlio hutangulia juisi, seli zikahamishia mchangamko wao kwenye ile ishara, na juisi yenyewe ikawa jambo la kawaida. Ishara ikija kisha juisi isije, utendaji wa seli ulishuka. Kwa lugha nyepesi, dopamini humfundisha mnyama wapi pa kutarajia kitu kizuri, na kinachoigusa zaidi ni kile kisichotabirika.

Arifa ya simu inafuata mkondo huohuo. Alama nyekundu inaashiria kuna kitu, lakini hujui kama ni pongezi za watu hamsini au ni tangazo la bando. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulichambua zaidi ya posti milioni moja za watu zaidi ya 4,000, ukakuta kwamba kasi ya mtu kuposti hubadilika kulingana na laiki anazopata, kwa namna ileile wanyama wanavyojifunza kutafuta chakula.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwalaza vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 ndani ya mashine ya MRI na kuwaonyesha picha, zikiwemo zile walizoleta wenyewe. Waliambiwa laiki zilizo chini ya picha zimetoka kwa vijana wenzao. Kumbe watafiti ndio waliozipanga: picha ileile ilipewa laiki nyingi kwa nusu ya vijana na chache kwa nusu nyingine. Picha zenye laiki nyingi ziliamsha zaidi sehemu ya ubongo inayoshughulika na thawabu, hasa mtu alipoona picha yake mwenyewe. Vijana pia walielekea kuipenda picha iliyokwisha kupendwa na wengi.

Hata hivyo, dopamini si sumu. Hupanda hata mtu anapokula chakula kitamu. Majaribio hayo yanaeleza kwa nini simu inavuta mkono, lakini hayathibitishi kuwa inaleta ugonjwa.

Historia yenyewe ilipogeuka jaribio

Ushahidi mzito kuhusu ugonjwa ulipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Facebook haikufunguliwa kwa wote siku moja. Ilianza Harvard, ikaenda Columbia, Stanford na Yale, kisha chuo kimoja baada ya kingine hadi ilipofunguliwa kwa umma Septemba 2006. Wakati huohuo wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa wakijaza dodoso za kitaifa kuhusu afya zao. Wachumi Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin waliziunganisha taarifa hizo mbili, wakalinganisha vyuo vilivyokwisha kuipata Facebook na vile vilivyokuwa bado vinasubiri.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba afya ya akili ya wanafunzi ilishuka baada ya Facebook kufika, hasa kwa upande wa sonona. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa rahisi kujilinganisha na wenzao na kujiona wamepungukiwa, wakiwemo waliokuwa wakiishi nje ya chuo na kukosa mengi ya maisha ya wenzao. Na hii ilikuwa Facebook changa, isiyo na laiki wala arifa za simu. Kujilinganisha kulitosha.

Upande wa pili una hoja pia. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua taarifa za vijana zaidi ya 355,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Uhusiano huo, walisema, ulikaribiana na ule wa kula viazi. Na katika jaribio jingine la Marekani, watu waliolipwa wazime Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa 2018 walipata takriban saa nzima ya ziada kila siku, na furaha yao iliongezeka, ingawa kidogo.

Matokeo haya hayagongani kama yanavyoonekana. Wastani wa maelfu ya vijana humficha yule mmoja anayeumia, kama unavyomficha anayefarijika kwa kumpata ndugu aliye Muscat au Minneapolis. Hata Shirika la Afya Duniani, ambalo limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, halijauorodhesha uraibu wa mitandao ya kijamii kama ugonjwa unaojitegemea.

Kuna kundi ambalo hesabu hizo hazilihusishi: wanaolipwa kutazama video za mauaji na ukatili ili zifutwe kabla hazijatufikia. Katika kesi iliyo mahakamani Nairobi dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, na wakandarasi wake, ripoti ya kitabibu iliyowasilishwa mwaka 2024 ilieleza kwamba zaidi ya wafanyakazi 140 wa kazi hiyo waligunduliwa kuwa na msongo wa baada ya kiwewe.

La kufanya nyumbani

Anza na usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Mwanga wa kioo cha simu huchelewesha homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na mabishano ya kwenye grupu huufanya moyo uende mbio saa ambazo ulipaswa kutulia. Simu ichajiwe sebuleni, pamoja na ya baba na mama.

Pili, zima arifa za vitu visivyo na haraka na ubakize za watu wanaokuhitaji kweli. Unaweza pia kuficha idadi ya laiki. Instagram iliruhusu hilo mwaka 2021.

Tatu, angalia anachofanya mtoto humo. Kuchati na watu anaowafahamu hakulingani na kuperuzi kimyakimya maisha ya watu wasiomjua. Ukimwona amejitenga, hali chakula vizuri, au huzuni imemkaa kwa wiki mbili au zaidi, usiishie kumnyang'anya simu. Mpeleke kituo cha afya, kwa sababu sonona ina tiba.

Serikali nazo zimeanza kuingia. Australia ilianza Desemba 2025 kutekeleza sheria inayoitaka mitandao mikubwa izuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Bado ni mapema kujua kama itasaidia, lakini watafiti wamepata tena walichopata kwa Facebook miaka ya 2004 hadi 2006: kundi moja lenye mtandao na jingine lisilo nao, na nafasi ya kuwalinganisha.