Taka za Soko la Masasi, Njaa ya Udongo wa Lulindi

Nauza nyanya na mboga sokoni Masasi, na shamba langu liko Lulindi. Taka nazijua pande zote mbili: sokoni zinakozaliwa na shambani zinakohitajika. Jioni kizimba cha taka hujaa majani ya kabichi, nyanya zilizopasuka, maganda ya ndizi na ya miwa, na juu yake chupa za maji. Vyote hubebwa pamoja hadi dampo. Inaniuma kila nikiona.

Katika miji ya Tanzania, zaidi ya nusu ya taka ni zinazooza. Zikirundikwa bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Kwenye dampo la zamani la Mtoni, Dar es Salaam, ilibidi yawekwe mabomba ya kuivuna gesi hiyo na kuichoma. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda cha mboji pale Mabwepande, na taka za masoko ndizo malighafi yake.

Sisi hatuhitaji kusubiri kiwanda. Chini ya meza yangu kuna ndoo ya zinazooza pekee. Nyumbani natandaza mabua makavu ya mahindi, juu yake taka mbichi, kisha samadi ya mbuzi na maji kidogo, tabaka juu ya tabaka. Katikati nachomeka kijiti. Baada ya siku chache ukikichomoa hakishikiki kwa moto wake. Joto likifika nyuzi 55 au zaidi, mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa hufa. Lundo likipoa, naligeuza lipate hewa. Ndani ya miezi mitatu hivi mboji ni nyeusi, haina harufu ya uozo, nami napakia magunia kwenye gari la Lulindi.

Udongo wetu ni kichanga. Mvua ikinyesha, maji hayakai. Mboji huyashika. Bibi zetu waliteremka mabondeni kufuata maji, basi tone linalobaki kwenye shina la muhogo si jambo dogo.

Mabibo, matunda ya mkorosho, nayo hupotea kama taka za soko. Bibo lina uzito mara kadhaa ya korosho yake. Tunayakamua, mengine tunayakausha, na bado mengi huozea chini ya mikorosho. Nayachanganya na mabua, lundo lisiloweke. Maganda mengi ya korosho huondoka na korosho ghafi kwenda India na Vietnam, ingawa mafuta yake hutumika kutengeneza breki na rangi.

Lakini mifuko ya salfa tunayopulizia mikorosho na chupa za viuatilifu visikaribie lundo. Chupa isuuzwe mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha itobolewe. Nimeona watoto wakichota maji ya kunywa kwa chupa hizo.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kutenganisha kumekuwa rahisi zaidi. Ninachoomba halmashauri ni vizimba viwili sokoni badala ya kimoja, na guta la kupeleka zinazooza kwa wakulima. Wa kuzipokea tupo.