Safari za Maneno, Sehemu ya Saba: Chakula Kilichoishia Jaani

Wazoaji taka wa jiji la Birmingham, Uingereza, walianza mgomo usio na ukomo tarehe 11 Machi 2025, na kabla mwezi huo haujaisha halmashauri ya jiji ilikadiria kwamba tani 17,000 za taka zilikuwa zimelala mitaani bila kuzolewa. Neno ambalo Mwingereza hulitamka kwanza aonapo hali ya namna hiyo ni "mess", na watafsiri hulipa visawe vya fujo, uchafu au hali ya shaghalabaghala. Hawakosei, ila hakuna kisawe hata kimoja kati ya hivyo kinachodokeza kwamba neno hilo lilizaliwa mezani, likiwa na maana ya chakula kilichoandaliwa kwa adabu.

Wasomaji waliofuatilia sehemu zilizotangulia wanaujua mlango ambao Kifaransa cha kale kilipitia kuingia Uingereza baada ya mwaka 1066, yaani utawala wa Wanormandi kutoka Ufaransa. Kwa mlango huo liliingia neno "mes", yaani chakula kiletwacho mezani kwa awamu moja, ambalo Wafaransa wa leo huliandika "mets", nalo lilitokana na "missus" ya Kilatini, maana yake kitu kilichotumwa au kilichowekwa, kutoka kitenzi "mittere", yaani kutuma, kwa kuwa chakula kilitumwa kutoka jikoni hadi mbele ya mlaji. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa misa na misheni, hivyo Mkatoliki wa Bagamoyo aendaye misani Jumapili hutamka ndugu wa damu wa neno ambalo Mwingereza humwambia mtoto asiyetandika kitanda. Meza haimo katika ukoo huu, ijapokuwa sauti yake inashawishi. Hiyo ililetwa na Wareno, ambao waliirithi kutoka "mensa", na kufanana kwa sauti hakujawahi kuwa ushahidi wa udugu.

Ushahidi mzuri wa maana ya kale umo katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, kwenye sura ya 43 ya Kitabu cha Mwanzo, pale Yusufu anapowapelekea ndugu zake chakula kutoka mbele yake, na fungu la Benyamini likawa mara tano ya mafungu ya wenzake. Fungu hilo la heshima watafsiri waliliita "mess", tena katika sentensi yenye kitenzi cha kutuma, kana kwamba Kilatini kilikuwa kikiwanong'oneza.

Karne ya 15 neno lilihama kutoka kwenye chakula likawafuata walaji, likawa kundi la watu wanaokula pamoja, kwa desturi wanne, na ndiyo sababu Shakespeare, katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, aliweza kulitumia kwa maana ya watu wanne bila kulifafanua. Desturi hiyo ilihifadhiwa katika vyama vinne vya kale vya mawakili wa London, ambako mwanafunzi wa sheria alipaswa kula ukumbini idadi maalumu ya milo kabla ya kukubaliwa kuwa wakili. Mohandas Gandhi, aliyekubaliwa kuwa wakili katika chama cha Inner Temple mwaka 1891, anasimulia katika tawasifu yake kwamba kila wanne walipewa chupa mbili za mvinyo, na kwa kuwa yeye hakuwa akinywa, wenzake walimgombea akamilishe kundi lao ili watatu wagawane chupa zote. Ulevi huo si wa kusifiwa, lakini utaratibu wenyewe ni wa kusifiwa, nao hauwezi kuwa mgeni kwa mtu aliyelelewa kwenye sinia, ambako mkono hauvuki kwenda upande wa mwenzake, na ambaye leo anawaona wanawe wakila kila mmoja kivyake, macho kwenye simu. Jeshi nalo lilichukua maana hiyo ya kula pamoja, na mtafsiri anayelikuta neno hilo katika habari za maafisa aandike bwalo, asije akawatukana wenye nyota mabegani.

Kuanguka kulianza karne ya 18, neno lilipotumiwa kwa chakula cha mchanganyiko cha wanyama, na kufikia karne ya 19 likawa mchanganyiko wowote usiopendeza, kisha vurugu, kisha uchafu. Kilicholishusha, kwa hiyo, ni kuchanganya, na Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa kuvuruga ni kukoroga, na vurugu ni kile kinachobaki watu wanapokorogwa. Machafuko yamekwenda kinyumenyume, yakianzia kwenye uchafu na kuishia kwenye ghasia.

Kuhusu Birmingham nafasi imekuwa finyu. Mgomo ulichochewa na uamuzi wa halmashauri wa kufuta cheo kimoja cha wazoaji, na wenye haki wataamuliwa na wengine. Linalohusu makala haya ni kwamba maganda, chupa na karatasi, ambavyo kila kimoja kikiwa peke yake kina pa kwenda, vilitiwa pamoja katika mifuko myeusi, panya wakaifungua. Sehemu ijayo itashughulikia neno "litter", ambalo kabla ya kuwa takataka zilizotupwa njiani lilikuwa kitanda.