CCECC na TAZARA: Kutoka Msaada hadi Mkataba

Kampuni ya ujenzi ya CCECC, inayomilikiwa na serikali ya Uchina, iliasisiwa mwaka wa 1979. Chimbuko lake ni idara ya misaada ya Wizara ya Reli, iliyosimamia ujenzi wa TAZARA kati ya 1970 na 1975. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kwa mkopo usio na riba, ili shaba ya Zambia ifike Dar es Salaam bila kutegemea tawala za walowezi kusini.

Baadaye kampuni ilijitosa katika biashara. Reli ya Abuja hadi Kaduna, Nigeria, iliyofunguliwa 2016, ni kazi yake. Mwaka wa 2024 hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ilitiwa saini, na mjenzi yuleyule akarejea, safari hii kama mwekezaji. Udugu wa zamani haukanushiki. Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari.