Tembo Wawili Wasiokutana

Katika sataranji kuna sare ya watu waliochoka, na kuna sare ya mtu aliyeponyoka. Ile ya London, tarehe 21 Novemba 2018, ilikuwa ya pili.

Magnus Carlsen wa Norway alikuwa akitetea taji la dunia dhidi ya Fabiano Caruana wa Marekani. Michezo minane ilikuwa imekwisha, yote sare. Katika wa tisa Carlsen, mwenye weupe, hakuanzia katikati ya ubao. Aliingilia ubavuni, akamsogeza askari aliye mbele ya tembo wa upande wa malkia. Njia hiyo huitwa ya Kiingereza. Mwenye kuishika hana pupa: humwachia mwenzake katikati, kisha humbana polepole.

Na Caruana alibanika. Lakini haraka haina baraka. Hatua ya 25 Carlsen alimsukuma askari wa ukingoni kabla ya wakati, Caruana akamla, na kamba ikalegea.

Tena kila mmoja alibakiwa na tembo mmoja, ambaye Waingereza humwita askofu na Waarabu hadi leo humwita fil. Huyu wa miraba myeupe, yule wa miraba myeusi, hawakutani abadan. Anachokishambulia mmoja, mwingine hawezi kukilinda wala kukizuia. Hatua ya 56 wakapeana mikono.

Michezo yote 12 ikaisha sare, jambo lisilowahi kutokea katika kuwania taji hilo. Tarehe 28 Novemba wakacheza ya haraka, na Carlsen akashinda yote mitatu.