Bweha asiyeogopa watu ni hatari kwako na kwa mbwa wako

WAKAZI wa Nyeri, Karatina, Naro Moru na Nanyuki wamezoea kuishi jirani na wanyama wa misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Ndovu akitokea shambani, kila mtu hutoroka. Bweha akitokea njiani mchana, watoto humfuata kwa mawe nao mbwa humfukuza wakibweka. Huenda huyu wa pili akaleta msiba mkubwa zaidi.

Bweha mzima humwogopa binadamu. Ukimwona akipepesuka, akidondokwa na mate au akikujia bila woga, shuku kichaa cha mbwa. Licha ya jina lake, ugonjwa huu hushika pia fisi, nguchiro, paka, ng'ombe, punda na binadamu.

Hata wanyama wa baharini hawakusalimika. Mwaka 2024, sili wa pwani ya Cape Town, Afrika Kusini, walipatikana na ugonjwa huu baada ya visa vya sili kuuma watu na mbwa ufuoni.

Virusi vyake hukaa kwenye mate. Huingia mwilini kupitia jeraha la meno, mkwaruzo, au mate yakigusa jicho au mdomo. Kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi 2 au 3, na ndiyo sababu wengi hudhani hatari imepita jeraha likishapona.

Dalili zikianza, yaani homa, mwasho mahali palipoumwa na kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mbwa ndiye daraja kati ya mnyama wa porini na watoto wako.

Je, ufanye nini ukiumwa?

• Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake pilipili, majani wala mafuta.

• Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hudungwa kwa awamu. Usikatize kwa kuwa unajisikia vizuri. Jeraha likiwa baya, daktari huongeza dawa ya kinga kwenye jeraha lenyewe.

• Kama mbwa aliyekuuma anajulikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akifa, mwarifu daktari wa mifugo.

Mnyama wa porini mgonjwa au mfu usimguse, na usimwachie mbwa mzoga. Waondoe watoto, fungia mbwa wako, kisha uarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au ofisi ya mifugo.

Mbwa wako akipambana na bweha, usimpapase kwa mikono mitupu, maana huenda manyoya yana mate. Mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama alichanjwa.

Mbwa achanjwe kila mwaka. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2014 Kenya iliweka lengo la kukomesha vifa vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Lengo hilo litatimia tu kila mwenye mbwa akimpeleka wake. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, tiba haipo.